KABLA HUJACHORESHA JINA AU TAREHE KWENYE PLASTIKI KWA LEZA: SOMA HAPA USIJE UKAPIGWA



Leo tunazungumzia kitu tunachokiona dukani kila siku bila kukitafakari: maandishi ya leza kwenye plastiki. Tarehe kwenye chupa ya maji. Namba kwenye chaja. Jina la biashara kwenye kava la simu. Somo ni refu kidogo, lakini lisome mpaka mwisho, mana humu kuna fedha zako na kuna afya yako.

NILIVYOINGIA HASARA

Mimi nauza asali na mafuta ya kuchua ya karafuu, yale yanayochanganywa na mafuta ya nazi. Nilikuwa natia kwenye vichupa vyeupe vya plastiki na tarehe napiga kwa muhuri wa wino. Sasa mafuta ya karafuu mnayajua, si ya mchezo. Mteja akifungua, tone moja linateremka ubavuni mwa chupa, yeye anapangusa kwa kidole, na tarehe inaondoka na kidole chake.

Siku moja mama mmoja akanirudishia chupa. Akanambia, "Mwanangu, hii ya lini? Mbona haina tarehe?" Tarehe niliipiga kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nitamthibitishia nini? Nikamrudishia pesa zake, nikabaki na aibu.

Nikaambiwa dawa yake ni leza, haifutiki. Nikampelekea fundi chupa 24. Ziliporudi, maandishi yamevimba kama malengelenge, mengine yanasomeka, mengine hayasomeki. Nikasema potelea mbali, nikajaza mafuta. Asubuhi nafungua sanduku, chupa 9 zimevuja.

Nilimlaumu fundi, lakini nilipokwenda kusoma na kuuliza nikajua kosa lilikuwa letu sote wawili. Mimi sikujua nimempelekea plastiki gani. Yeye hakuniuliza. Na mashine yake haikuwa ya kazi ile. Haya ndo niliyojifunza, na nakupa bure.

PLASTIKI NI KAMA TAMBI

Plastiki zote ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo iliyosokotana. Fikiria sufuria ya tambi. Kila tambi ni mnyororo mmoja, na zote zimeshikana ovyo ovyo.

Ukitaka kuacha alama juu ya tambi hizo, unazo njia mbili. Ya kwanza, zipashe moto mpaka zilegee, ziteleze, ziyeyuke au ziungue. Ya pili, zikate. Kata tambi zenyewe vipande vidogo vidogo mpaka viruke juu na kuondoka.

Leza inaweza kufanya yote mawili. Ipi itafanyika, hutegemea mambo mawili makubwa: aina ya mwanga, na urefu wa pigo la mwanga.

JAMBO LA KWANZA: AINA YA MWANGA

Leza ni mwanga uliopangwa, wa rangi moja na mwelekeo mmoja, unaoweza kukusanywa kwenye nukta ndogo sana. Ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Mtoto anayechoma karatasi kwa kioo cha kukuza juani anafanya jambo linalofanana nalo.

Lakini ili mwanga ufanye kazi, lazima kitu kiumeze. Vaa kanzu nyeusi saa saba mchana pale Chake, kisha vaa nyeupe. Utajua ipi inameza jua. Na kioo cha dirisha hakiungui kwa jua, mana mwanga unapita tu na kwenda zake.

Plastiki ni hivyo hivyo:

▪️ Leza ya kaboni dayoksaidi, maarufu CO2. Ilivumbuliwa na Kumar Patel mwaka 1964. Mwanga wake ni infraredi, hauonekani kwa macho. Karibu plastiki zote zinaumeza, hata zinazoonyesha kama kioo. Ndiyo inayokata vibao vya akriliki vya majina ya ofisini.

▪️ Leza ndogo za bluu, zinazouzwa mitandaoni kwa bei chee. Mwanga wa bluu unapita kwenye akriliki angavu bila kufanya kitu. Watu wananunua mashine, wanaweka akriliki, hakuna kinachotokea, wanadhani mbovu. Si mbovu. Kioo cha dirisha na jua, basi.

▪️ Leza ya faiba. Hii ni kipenzi cha mafundi wa kuchora chuma, vikombe na pete. Kwenye plastiki angavu mwanga wake unapita. Kwenye plastiki nyeusi au yenye dawa maalumu ndani yake, inaacha alama nzuri.

▪️ Leza ya yuvi, yaani mwanga wa zambarau usioonekana. Plastiki nyingi zinaumeza pale pale juu ya ngozi yake, kwa hiyo alama inakuwa nyembamba na safi.

Chupa zangu zilikuwa nyeupe za HDPE, zikapigwa kwa CO2. Plastiki ile inaumeza mwanga huo, lakini jibu lake ni moja tu: inayeyuka.

JAMBO LA PILI: UREFU WA PIGO

Hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Kaa la moto likikudondokea kwenye mkeka ukalikung'uta papo hapo, mkeka unabaki na doa dogo au haubaki na kitu. Liache likae, moto unatambaa pembeni na tundu linapanuka. Kaa ni lile lile. Kilichobadilika ni muda.

Leza ya CO2 ya mafundi wetu huwa inawaka mfululizo, au kwa mapigo marefu. Joto linapata muda wa kutambaa. Ndiyo maana ukingo wa maandishi unayeyuka, unavimba, unapata masizi.

Leza ya faiba ya kawaida inapiga mapigo mafupi zaidi, makumi mpaka mamia ya nanosekunde. Nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa vipande bilioni moja. Fupi sana, lakini bado ni ndefu kwa kazi hii.

Halafu kuna leza za mapigo ya kasi ya ajabu, za femtosekunde. Chukua nanosekunde moja, igawe tena vipande milioni moja. Kipande kimoja ndo femtosekunde. Ukitaka kupata picha: femtosekunde moja ndani ya sekunde moja ni sawa na sekunde moja ndani ya miaka milioni 31 na ushei. Mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya femtosekunde 100 unasogea milimita 0.03 tu. Haumalizi hata unene wa unywele.

Sasa pigo fupi kiasi hicho likigonga plastiki, kunatokea mambo matatu.

1️⃣ NGUVU INAKUWA KUBWA KUPITA KIASI, KWA KITAMBO KIDOGO KUPITA KIASI

Tufanye hesabu ya biashara. Pigo moja lina nishati ya mikrojuli 10. Hiyo si kitu. Lakini nishati hiyo inatoka yote ndani ya femtosekunde 100. Gawanya, unapata wati milioni 100, yaani megawati 100.

Waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga kuja kwetu Pemba, uliozinduliwa mwaka 2010, ulijengwa kubeba megawati 25. Kwa hiyo pigo moja dogo, kwa kile kitambo chake, lina nguvu mara nne ya waya mzima unaolisha kisiwa.

Ila usiogope bili. Ukipiga mapigo 100,000 ya namna hiyo kwa sekunde, mwanga wote unaotoka wastani wake ni wati 1 tu. Taa ya chumbani inakula zaidi. Ni kama mfanyabiashara ambaye mwezi mzima hatoi kitu, siku moja anamwaga mzigo wote sokoni kwa dakika moja. Mtaji ule ule, kishindo kingine.

2️⃣ MWANGA DHAIFU UNAFANYA KAZI YA MWANGA MKALI

Mwanga unakuja kwa chembe, zinaitwa fotoni. Fotoni ya infraredi ya leza hizi ina nishati ya elektronivolti 1.2 hivi. Kifungo cha kaboni na kaboni ndani ya mnyororo wa plastiki kinataka kama 3.6 ili kikatike. Fotoni moja haiwezi, inapita zake. Ndiyo maana plastiki angavu haijali leza ya kawaida ya faiba.

Lakini mmeshaona watu wanavyovuta ngalawa kuipandisha ufukweni? Mmoja mmoja, hata waje mia, haitoki. Wakiimba wakavuta kwa pamoja, inapanda. Pigo la femtosekunde linaleta fotoni nyingi mno kwa wakati mmoja, kiasi kwamba tatu au zaidi zinavuta mahali pamoja kwa mpigo. Elektroni zinazoshikilia minyororo zinang'oka mahala pake, na tambi zinakatika. Kwa hiyo hata akriliki angavu inachongeka, na inachongeka pale tu mwanga ulipokusanyika.

3️⃣ PLASTIKI INARUKA NA JOTO LAKE

Mwanga unaanza kuzishika elektroni. Elektroni ndizo zinazopeleka joto kwenye atomu, na hiyo huchukua pikosekunde kadhaa. Pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000. Maana yake pigo limeshakwisha kabla joto halijafika popote. Kisha ule utando mwembamba wa juu, mara nyingi chini ya mikroni moja au mikroni chache kwa pigo, unapasuka na kuruka. Unaondoka na sehemu kubwa ya joto lake. Jirani habari hana. Ukingo unabaki mkali, bila kuvimba, bila masizi.

Ila kuna tahadhari: mapigo yakifuatana karibu mno mahali pamoja, joto dogo linalobaki linajikusanya, na hata leza ya femtosekunde itaunguza. Ni kama kukung'uta kaa mkekani kila sekunde, mwisho mkeka utaungua tu. Fundi mzuri anajua kupunguza idadi ya mapigo na kuongeza mwendo.

NGOZI YA PLASTIKI INABADILIKA, SI KUCHIMBIKA TU

Nishati ikiwa ndogo, leza haiondoi kitu. Inabadilisha ngozi ya plastiki. Inaweza kuacha mistari midogo sana, ya ukubwa wa urefu wa wimbi la mwanga au chini yake. Mistari hiyo inatawanya mwanga, na alama inaonekana bila tone la wino. Pia inaweza kuacha oksijeni imejishika kwenye minyororo iliyokatika, na hapo ngozi inakubali maji na wino zaidi kuliko zamani.

Na kinyume chake kinawezekana. Mwagia maji jani la jimbi, utaona yanakuwa vidonge na kuteleza. Jani lile lina vinundu vidogo na nta juu yake. Leza inaweza kuchonga vinundu vya namna hiyo kwenye plastiki, maji yakawa hayashiki.

Hapo nikaelewa kwa nini wino wangu ulikuwa unafutika. Plastiki za HDPE na PP zina ngozi isiyopenda kushikwa na kitu, wino unakaa juu tu kama mgeni. Viwandani, kabla ya kupiga wino kwenye chupa hizo, hupitisha mwali wa moto kwa haraka au cheche za umeme kwenye ngozi yake ili wino ushike. Vichupa vya bei rahisi mara nyingi havijafanyiwa hivyo.

HAYA YALIANZIA WAPI

Mwaka 1981, kwenye maabara ya kampuni ya IBM huko New York, Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, na wenzake Samuel Blum na James Wynne, walikuwa wanafanya kazi na leza ya yuvi inayokata plastiki kwa usafi wa ajabu. Mwezi Novemba, baada ya sikukuu yao, Srinivasan akabeba kiporo cha bata mzinga kutoka nyumbani, wakakipiga leza. Kikakatika bila kuungua pembeni. Kazi ile iliyoanzia kwenye plastiki ikafungua mlango wa upasuaji wa macho kwa leza unaofanyika leo duniani kote.

Mwaka 1985 Donna Strickland na mwalimu wake Gérard Mourou, kwenye Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakapata njia ya kutengeneza mapigo mafupi yenye nguvu kubwa bila kuvunja mashine yenyewe: kwanza linyooshe pigo liwe refu na dhaifu, likuze, kisha libane liwe fupi tena. Mwaka 2018 wakapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Na mwaka 1987 Küper na Stuke, huko Ujerumani, wakapiga akriliki kwa mapigo ya femtosekunde ya yuvi. Alama ikatoka safi, na kwa nishati ndogo kuliko ya mapigo marefu.

SASA TURUDI DUKANI: WEWE UFANYE NINI?

✅ 1. JUA PLASTIKI YAKO KWANZA

Geuza chupa, angalia kitako. Kuna pembetatu yenye namba ndani.

Namba 1, PET: chupa za maji na soda. CO2 kwa nguvu ndogo inaacha alama nyeupe kama ukungu, inasomeka. Ukizidisha nguvu, inatoboka.

Namba 2, HDPE: madumu, vichupa vyeupe vya dawa na losheni. CO2 inaiyeyusha. Nyeupe inakubali zaidi leza ya yuvi.

Namba 3, PVC: USITHUBUTU. Tutaizungumza hapa chini.

Namba 4, LDPE: chupa za kubinya na plastiki laini. Inayeyuka kirahisi.

Namba 5, PP: vyombo vya chakula na vifuniko. Nayo huyeyuka, alama inakuwa hafifu.

Namba 6, PS: vikombe na visahani vyepesi. Moshi mwingi, ukingo mbaya. Na wauza mafuta ya karafuu sikilizeni: mafuta safi ya karafuu yanakula plastiki hii. Usiyatie humo kabisa.

Namba 7, nyinginezo: humo mna aina nyingi, ikiwemo polikaboneti. Uliza, usikisie.

Akriliki ndiyo rafiki mkubwa wa CO2, inakatika na ukingo unang'aa. Ila inauzwa kwa vibao, mara nyingi bila namba.

⛔ 2. PVC NI HATARI, HAINA MJADALA

Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ikipigwa leza inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa hewa, wa mapafu yako au wa mashine, inakuwa asidi. Kifua kinaungua, macho yanawasha, na chuma na lenzi za mashine zinaliwa. Na kisiwani kwetu unyevu wa hewa mnaujua.

PVC imejificha pengi: mabomba, ngozi nyingi za bandia za pochi na viatu, stika nyingi za kubandika kwenye gari, mbao nyeupe za povu za mabango.

Namna ya kuijua: tia kipande kwenye maji. HDPE, LDPE na PP zinaelea, PVC inazama. Ila angalia, PET nayo inazama, na ule ubao wa povu unaelea japokuwa ni PVC. Kwa hiyo maji peke yake hayatoshi.

Kipimo cha uhakika zaidi: chukua waya wa shaba uliovuliwa ganda lake, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto usiwe na rangi ya kijani. Hiyo ni muhimu, mana ganda la waya wenyewe mara nyingi ni PVC. Kisha gusisha waya ukiwa wa moto kwenye plastiki, ili uchafu kidogo ushike, na uurudishe kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini. Iweke mbali na leza. Fanya nje penye upepo, kipande kidogo tu, na usivute moshi.

✅ 3. MUULIZE FUNDI MASWALI HAYA

▪️ Mashine yako ni ya aina gani: CO2, faiba, bluu au yuvi?
▪️ Umeshawahi kupiga plastiki ya namba hii?
▪️ Unaweza kunipigia moja ya majaribio kwanza?
▪️ Ikitoboka ni hasara ya nani?

Chukua ile ya majaribio, ijaze maji, ilaze ubavu usiku mzima juu ya karatasi. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, mpe kazi. Mimi ningefanya hivi, ningepoteza chupa moja badala ya 24 na mafuta juu yake.

✅ 4. UKITAKA KUNUNUA MASHINE, USIUZIWE MANENO

Siku hizi ukiingia mitandaoni unaweza kukutana na "leza ya femto" ya bei ya simu nzuri. Ndugu yangu, mashine za kweli za femtosekunde bei yake inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola na kupanda. Hazijafika kwenye mifuko yetu bado. Omba karatasi ya vipimo, utafute vitu viwili. Urefu wa pigo: ukiona ns, hiyo ni nanosekunde, na pigo la nanosekunde 100 ni refu mara milioni moja kuliko la femtosekunde 100. Ukiona ps ni pikosekunde, fs ndo femtosekunde. Cha pili, urefu wa wimbi kwa nm: 10,600 ni CO2, kama 1,064 ni faiba, kama 450 ni ya bluu, 355 ni yuvi. Muuzaji asiyekupa namba hizo, mwage.

Nunua kulingana na kazi uliyonayo. Vibao vya majina vya akriliki na mbao? CO2 inatosha. Pete na chuma? Faiba. Plastiki nyeupe na angavu kila siku, kwa wingi? Hapo ndo ufikirie yuvi, na hesabu zako ziwe zimekaa vizuri.

⛔ 5. LINDA MACHO NA KIFUA

Mwanga wa CO2, faiba na yuvi hauonekani, lakini unaharibu jicho. Ule wa bluu unaonekana, na nao unaharibu. Miwani ya jua haisaidii kitu. Inatakiwa miwani iliyoandikwa namba za urefu wa wimbi wa mashine yako. Na moshi wa plastiki yoyote utolewe nje kwa feni na bomba. Usimuweke mtoto akuangalizie mashine.

✅ 6. UKINUNUA MZIGO, SOMA ALAMA

Pangusa tarehe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, pembeni. Usitumie asetoni, inakula baadhi ya plastiki. Wino unaweza kutoka, alama ya leza haitoki, mana imo ndani ya ngozi ya plastiki yenyewe. Lakini tusidanganyane: wino si dalili ya bidhaa bandia, viwanda vingi halali vinatumia wino. Na leza si dalili ya bidhaa halisi, mwizi naye anaweza kununua mashine. Ukiona tarehe ya zamani imekwanguliwa na mpya imepigwa juu yake, huo mzigo uache pale pale ulipo.

NILIPOISHIA MIMI

Mafuta ya karafuu nimeyahamishia kwenye vichupa vya kioo cheusi. Tarehe ipo kwenye lebo ya karatasi, na juu yake nimebandika utepe angavu unaozunguka chupa nzima, mafuta hayapenyi. Asali nimeitia kwenye PET namba 1, na fundi yule yule ananipigia tarehe kwa CO2, nguvu ndogo, baada ya kujaribu chupa tatu. Tumepatana vizuri. Kabla sijabadilisha vifungashio niliwauliza kwanza watu wa ZBS na ZFDA, na wewe fanya hivyo, mana lebo ina masharti yake na kosa la lebo linaweza kukurudishia mzigo wote.

Yule mama alirudi. Akaishika chupa ya asali, akakwangua tarehe kwa ukucha, haikutoka. Akanunua mbili.

Tarehe kwenye chupa ni ahadi yako kwa mteja. Kama inafutika kwa kidole, ahadi nayo imefutika.

Kama una plastiki ya namna gani na hujui ipigwe leza ipi, tuandikie namba iliyo kitakoni pamoja na kazi unayotaka. Na kama kuna mwenzio anachoma PVC kwenye chumba kisicho na dirisha, mtumie somo hili leo. Biashara njema wadau.